USIKU WA KUNG'OA VIGINGI: ARDHI, JIRANI NA HESABU YA AKHERA

(Mhadhara uliotolewa kwa waumini baada ya sala ya Isha, Galula, Wilaya ya Songwe)

Kila sifa njema ni ya Allah, Mola Mlezi wa viumbe vyote, aliyeitandaza ardhi akaifanya makazi yetu tukiwa hai na makaburi yetu tukishakufa. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, maswahaba zake na wote wanaoufuata mwenendo wao kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Amma ba'd.

Ndugu zangu katika imani, wazee wetu, mama zetu mlioko nyuma ya pazia, na nyinyi vijana ambao hasa ndio niliowakusudia. Nimeomba nafasi hii usiku wa leo kwa sababu ya neno nililolisikia juzi barazani kwetu. Baadhi yenu mmepanga kwenda usiku kwenye kile kiwanja, kung'oa vigingi alivyovipanda mnunuzi na kuvitupa mtoni. Mmesema kwamba hiyo ni kazi ya kuitetea dini. Nami nimekuja kuwaambieni, kwa mapenzi na bila ya kuumauma maneno, kwamba hiyo si kazi ya dini. Hiyo ni katika madhambi ambayo Mtume (s.a.w.) amemlaani mwenye kuyatenda. Nitaeleza kwa nini, kisha nitaeleza njia ya haki, kwani asiyeonesha mlango wa kutokea hana haki ya kuufunga ule mbaya.

ARDHI IMEPANDA BEI, MIOYO JE?

Tujiulize kwanza imekuwaje tukafika hapa. Miaka ishirini nyuma nani katika sisi aligombea robo ekari? Mtu aliomba shamba la mpunga bondeni kwa Mto Songwe, akapewa, akalima, na mpaka wake ulikuwa mti wa mwembe au kijia cha kwendea kisimani. Ardhi ilikuwa nyingi na watu wachache.

Leo hali si hiyo. Mwezi Januari mwaka 2016 Mkoa wa Songwe ulianzishwa kwa kumegwa kutoka Mbeya, makao makuu ya mkoa yakawa Vwawa, na ya wilaya yetu yakawa Mkwajuni. Penye ofisi pana watumishi, na watumishi wanahitaji nyumba. Itazameni Tunduma. Mji ule umekaa mlangoni mwa Zambia, umepitiwa na barabara kuu ya kusini na reli ya TAZARA iliyoanza kazi miaka ya 1970. Katika sensa ya mwaka 2012 wakazi wake hawakufika laki moja, na katika sensa ya mwaka 2022 wamevuka laki mbili. Katika miaka kumi tu mji umezidi maradufu! Mwaka 2019 kikafunguliwa pale kituo cha pamoja cha forodha baina ya Tunduma na Nakonde. Malori, madereva, mawakala, wabadilisha fedha, mama lishe na wachuuzi wa mahindi na mchele, wote hao wanataka pa kulala na pa kufanyia biashara. Palipokuwa shamba la mahindi pana fremu za maduka, na palipokuwa ua wa mzee mmoja pana vyumba kumi vya wapangaji.

Wimbi hilo halikomei Tunduma. Mtu aliyeshindwa bei ya kule hutafuta huku. Dalali aliyemaliza mitaa ya mjini sasa anapanda pikipiki kuja vijijini, anakaa chini ya mwembe na mzee asiyejua bei, anafungua mkoba na kuhesabu noti mbele ya macho yake. Na mzee ambaye hajawahi kushika milioni mbili kwa mkupuo mmoja anadhani amefunguliwa hazina za Qaruni.

Ndugu Waislamu, mimi sisemi kwamba kununua na kuuza ardhi ni haramu. Allah amehalalisha biashara na ameharamisha riba, kama tusomavyo katika Suratul-Baqara, aya ya 275. Mji unaokua ni neema, na maduka ni riziki. Lakini kila mlango wa riziki unaofunguliwa, shetani husimama kizingitini. Hapo ndipo elimu inapohitajika.

MTUME (S.A.W.) NA KIWANJA CHA MAYATIMA

Tazameni jinsi Uislamu ulivyoanza kushughulika na ardhi pale Madina. Mtume (s.a.w.) alipohama, ngamia wake alipiga magoti mahali palipokuwa uwanja wa kuanikia tende, mali ya vijana wawili mayatima wa Bani Najjar, Sahl na Suhayl. Akawaita, akawataka wataje bei ili ajenge msikiti. Wale vijana wakasema wanautoa kwa ajili ya Allah bila ya malipo. Imepokewa katika Sahih al-Bukhari kwamba Mtume (s.a.w.) alikataa kuupokea kama zawadi, akaununua kwao.

Zingatieni jambo hili. Mnunuzi ni Mtume wa Allah. Jengo linalokusudiwa ni msikiti wake mtukufu. Wenye mali wameridhia kutoa bure. Hata hivyo alilipa, kwa kuwa mali ni ya mayatima. Basi ikiwa msikiti wa Mtume haukujengwa juu ya haki ya mtu, madrasa yetu itajengwaje juu ya vigingi vilivyong'olewa usiku?

SHIBIRI MOJA, ARDHI SABA

Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Said bin Zayd (r.a.), mmoja katika wale kumi waliobashiriwa Pepo, kwamba Mtume (s.a.w.) ameonya juu ya mwenye kuchukua ardhi ya mtu kwa dhulma japo shibiri moja, atavishwa shingoni, Siku ya Kiyama, ardhi hiyo hadi tabaka la saba.

Na hadithi hii ina kisa chake. Mwanamke aitwaye Arwa alimshitaki Said mwenyewe kwa liwali wa Madina, Marwan bin al-Hakam, akidai kwamba amemnyang'anya sehemu ya ardhi yake. Said akastaajabu: vipi atamdhulumu mtu ardhi naye ameyasikia maneno hayo kwa masikio yake kutoka kwa Mtume? Akamwachia kile alichokidai, kisha akamwomba Allah kwamba, ikiwa ni mwongo, ampofue macho na amfishe katika ardhi hiyohiyo. Muslim amepokea kwamba mama yule alipofuka, na siku moja akitembea katika ardhi yake, akatumbukia shimoni, na shimo hilo likawa kaburi lake.

Na katika Sahih Muslim, kutoka kwa Ali bin Abi Talib (r.a.), imetajwa laana ya Allah kwa mwenye kubadilisha alama za ardhi. Alama za ardhi ni nini leo? Ni kile kigingi, ni lile jiwe la mpimaji, ni ule mkonge uliopandwa mpakani. Enyi vijana, hadithi hii haikusema laana imshukie mwenye kuhamisha alama isipokuwa akiwa na nia njema. Imetaja kitendo. Anayekisogeza kigingi kwa shibiri moja ili ua wake upanuke, na anayekitupa mtoni akidai anaitetea madrasa, wote wameuendea mlango uleule.

DALALI NA MZEE ASIYEJUA BEI

Sasa tuje kwa madalali, na najua kwamba baadhi yao wamo humu ndani. Karibuni, msitoke.

Udalali wenyewe ni kazi ya halali ikiwa ujira umetajwa na maneno ni ya kweli. Kinachoharibu ni uongo na kuficha. Dalali anamwambia mwenye shamba kuwa mnunuzi ametoa milioni mbili, naye ameshika milioni tatu na nusu. Ile milioni na nusu mnaiita "cha juu". Mimi nakuulizeni, yupi kati ya wawili hao aliyeridhia? Mwenye shamba hajui, na mnunuzi hajui. Wewe ulikuwa wakili wa mmoja wao, na wakili ni mwaminiwa. Kilichopatikana kwa kumficha aliyekuamini ni khiyana, ukiite jina lolote utakalo.

Mtume (s.a.w.) amekataza watu kuutokea msafara nje ya mji ili wanunue bidhaa kabla wenyewe hawajafika sokoni na kujua bei. Katika riwaya ya Muslim, muuzaji aliyenunuliwa kwa njia hiyo ana hiari ya kuivunja bei akifika sokoni. Amekataza pia mtu wa mjini kumuuzia mtu wa shamba, na Ibn Abbas (r.a.) alipoulizwa maana yake akaeleza kwamba asiwe dalali wake. Wanavyuoni wamezieleza hekima za makatazo haya kwa urefu. Imamu Bukhari akaona kwamba mtu wa mjini akimsaidia wa shamba kwa nasaha, bila ya ujira, hapana ubaya. Msingi ni mmoja: asiyejua bei asifanywe chambo cha anayejua. Hayo yamesemwa zaidi ya miaka elfu moja na mia nne iliyopita, na utadhani yamesemwa kuhusu pikipiki iliyosimama jana chini ya mwembe.

Amekataza vilevile najshi, yaani mtu kupandisha bei naye hataki kununua, ili mwenye kutaka apumbazike. Leo dalali humpigia simu rafiki yake mbele ya mteja, rafiki huyo ajifanye kuwa yuko njiani na fedha mkononi. Hiyo ndiyo najshi, imebadilisha chombo tu.

Na muuzaji naye ana wajibu. Kama kiwanja hujaa maji masika, sema. Kama kina kesi, sema. Kama ulishamuuzia mtu mwingine, basi hicho si chako tena, na fedha ya pili unayoipokea ni wizi wa mchana. Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na kubainisha hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kusema uongo baraka hufutwa.

Kuna kisa kilichomo katika Bukhari na Muslim cha mtu wa umma zilizotangulia. Alinunua ardhi, akakuta ndani yake mtungi wa dhahabu. Akaurudisha kwa muuzaji, akimwambia kwamba yeye alinunua ardhi, hakununua dhahabu. Muuzaji naye akakataa, akisema kwamba ameiuza ardhi na vilivyomo. Wakapelekana kwa hakimu, kila mmoja akimsukumia mwenzake mali! Hakimu akauliza kama wana watoto. Mmoja alikuwa na mvulana na mwingine binti, akawaamuru wawaozeshe, na dhahabu itumike kwa ajili yao na kwa kutoa sadaka. Wilaya yetu ina dhahabu, na tunayaona yanayotokea inapopatikana. Linganisheni ugomvi wa watu wale na ugomvi wetu.

KISA CHA KIWANJA CHETU, NA KOSA LANGU

Sasa nifike penye jambo lenyewe. Wengi mnalijua, lakini mnalijua vipande vipande.

Mzee wetu, Allah amrehemu, alisimama Ijumaa moja baada ya sala, akiwa mzima wa afya, akasema kwamba kile kipande kilichoko kando ya barabara ameutolea msikiti ili wajengewe watoto madrasa. Tukapiga takbira. Wengine walilia. Tukatoka pamoja naye mpaka pale, akaonesha kwa mkono: kuanzia hapa mpaka kule. Kisha tukarudi nyumbani kula.

Hakuna aliyeandika.

Mimi nilikuwepo. Nami ndiye niliyekaa miaka ya masomo nikisoma kwa Kiarabu milango ya wakfu, masharti yake na nguzo zake. Ndimi niliyewasomesheni aya ya 282 ya Suratul-Baqara, ndefu kuliko aya zote za Qur'an, inayoagiza deni la muda liandikwe, mwandishi awe mwadilifu, na mashahidi waitwe. Lakini niliona haya. Nilidhani nikimletea mzee yule karatasi atie dole gumba, itakuwa kama ninamshuku. Haya yangu ikashinda elimu yangu. Namwomba Allah anisamehe, nami nawaombeni radhi mbele ya msikiti mzima.

Mzee akafariki. Mtoto wake mkubwa akaja dalali akamwona, na shamba lote likauzwa, pamoja na kile kipande, kwa mtu wa kutoka mjini. Mnunuzi alilipa fedha yake yote, akapanda vigingi. Si Muislamu, na hakujua lolote kuhusu takbira zetu. Alipoambiwa, hakumfukuza mtoto hata mmoja. Amesema watoto waendelee kusoma chini ya lile turubai mpaka jambo litakapoamuliwa. Ndugu zangu, huyu ndiye mnayetaka kumng'olea vigingi usiku?

Tulipokwenda mbele ya Baraza la Ardhi la Kijiji, tulibaki mashahidi wawili tu tulioiona ile ishara ya mkono. Mwenzangu anasema mzee alionesha mpaka kwenye mfereji. Mimi nakumbuka mpaka kwenye mwembe. Sote wawili ni wakweli, na sote wawili hatuwezi kula yamini juu ya kile tusichokuwa na yakini nacho.

Hukumu ya sheria yetu katika hili ni hii. Wakfu alioutamka mwenye mali akiwa mzima na mwenye akili umepita. Hauingii katika mirathi, na warithi hawana haki ya kuuuza. Lakini anayedai ndiye mwenye wajibu wa kuleta ushahidi. Ushahidi wetu umekutana mpaka kwenye mwembe na umetengana baada ya hapo. Basi ninachokisema mbele ya Allah ni kwamba tushike kile chenye yakini na tuache chenye shaka. Tudai mpaka kwenye mwembe tu. Sehemu iliyobaki, hata kama roho inauma, tusiiguse.

NA MABINTI JE?

Katika kikao kilekile likazuka jambo ambalo lilinihuzunisha kuliko kiwanja. Binti wa marehemu alisimama akasema kwamba yeye na dada zake hawakuulizwa lolote shamba lilipouzwa, wala hawakupewa chochote katika fedha ile. Ukumbi ukanyamaza.

Enyi Waislamu! Tunawalaumu watu kwa kuiuza madrasa, na huku tumenyamazia fungu alilolikata Allah mwenyewe kutoka juu ya mbingu saba? Katika Suratun-Nisaa, aya ya 7, Allah ameweka wazi kwamba wanaume wana fungu na wanawake wana fungu katika kilichoachwa na wazazi, kiwe kidogo au kingi. Aya za 11 na 12 zimeyataja mafungu yenyewe, na aya ya 14 imetaja Moto kwa mwenye kuivuka mipaka hiyo. Anayesema kwamba binti hapewi ardhi kwa kuwa ataolewa na kuipeleka ukoo mwingine, huyo amejifanya mjuzi kuliko Mola wake.

Na sheria ya nchi nayo haimuungi mkono. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inampa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi, na inabatilisha mila inayomnyima. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamzuia mume au mke kuiuza nyumba ya ndoa bila ya ridhaa ya mwenzake. Jambo la aibu ni kwamba bibi zetu wanapata hifadhi kwenye karatasi za serikali, na kwetu sisi, watu wa Suratun-Nisaa, wanaipata kwa kusimama na kulia kikaoni.

NJIA, UKUTA NA JIRANI

Ardhi hainunuliwi peke yake, hununuliwa pamoja na jirani. Makazi yanapobanana, hapo ndipo dini ya mtu inapojulikana.

Wengi wetu tunakata viwanja na kusahau njia. Mwenye shamba anauza vipande vinane, kila kipande kimegusana na mwenzake, na wa nyuma hana pa kupita na jeneza la mama yake. Mtume (s.a.w.), kama alivyopokea Abu Hurayra (r.a.), alihukumu kwamba watu wakigombania njia iwe dhiraa saba. Na mji wa Kufa ulipojengwa katika ukhalifa wa Umar bin al-Khattab (r.a.), wanahistoria wametaja kwamba aliagiza vipimo vya njia zake, kubwa dhiraa arobaini na vichochoro dhiraa saba. Basi kuupima mji kabla ya kuujenga si jambo lililoletwa na Mzungu. Ni katika siasa ya makhalifa wetu waongofu. Mpimaji wa serikali akija, msimkimbie.

Abu Hurayra (r.a.) amepokea pia kwamba jirani asimzuie jirani yake kuegemeza boriti katika ukuta wake. Leo mtu anamzuia jirani hata kivuli cha paa lake, anaelekeza mifereji ya bati uani kwa mwenziwe, na maji ya choo anayaachia njiani usiku wa mvua.

Nanyi wenye vyumba vya kupangisha, wapangaji ni majirani zenu. Kumdai mpangaji kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, kisha kumkatia maji ili atoke kabla ya muda kwa kuwa amepatikana mwenye bei kubwa, ni kuvunja mkataba, na Suratul-Maida imefunguliwa kwa amri ya kutimiza mikataba. Na mpangaji anayehama alfajiri na deni la miezi mitatu, naye ajue kwamba deni hilo limehama pamoja naye.

Wala haki ya jirani haikomei kwa Waislamu. Kijiji chetu kina misheni ya zamani ya Kikatoliki, na wengi katika majirani zetu ni Wakristo. Imepokewa kwamba Abdullah bin Amr (r.a.) alipochinjiwa kondoo nyumbani kwake, aliuliza kama wamempelekea jirani yao Myahudi, kisha akataja jinsi Jibril alivyokuwa akimuusia Mtume juu ya jirani hata akadhani kwamba atamrithisha. Msingi wa imani yetu tunausema wazi bila ya kificho, na haki ya jirani tunaitimiza bila ya kupunguza. Mambo mawili haya hayagongani.

MACHAFU YANAYOZIKWA CHINI YA MSINGI

Kuna jambo ambalo haifai kulinyamazia. Wapo Waislamu ambao wakinunua kiwanja humwita mganga azindike pembe nne. Huzikwa hirizi, humwagwa damu ya kuku, huchinjwa mbuzi msingini ili "wenyewe wa mahali" waridhike. Ndugu yangu, wenyewe wa mahali ni nani baada ya Allah? Kuchinja kwa ajili ya asiyekuwa Allah ni shirki, na katika hadithi ileile ya Ali (r.a.) niliyoitaja, laana ya mwenye kuhamisha alama za ardhi imetajwa pamoja na laana ya mwenye kuchinja kwa ajili ya asiyekuwa Allah. Yote mawili yanatendeka katika kiwanja kimoja! Kinga ya nyumba ni kutaja jina la Allah unapoingia na kusoma Suratul-Baqara ndani yake.

Na lingine ni riba. Mkopo wa kununulia kiwanja ukiwa na nyongeza iliyosharutishwa ni riba, uwe wa taasisi kubwa au wa kikundi cha watu kumi. Kukaa kwenye chumba cha kupanga kwa miaka kumi ukiwa msafi ni bora kuliko kulala katika nyumba yako ukiwa umetangaziwa vita na Allah na Mtume wake.

TUFANYE NINI?

Kwanza, kuhusu kiwanja chetu. Hapana mtu atakayegusa kigingi. Tutarudi kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo kazi yake ni kusuluhisha, na tutasema kwamba tunadai mpaka kwenye mwembe tu. Warithi wamrudishie mnunuzi thamani ya sehemu hiyo. Wakiwa hawana, kwa kuwa fedha imeshaliwa, msikiti uchange kuwasaidia, na mchango wa kwanza nautoa mimi, kwa kuwa kosa la kutoandika ni langu kabla ya kuwa lao. Na fungu la mabinti lihesabiwe kabla ya yote. Suluhu ikishindikana, kuna Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na hapo tutakwenda mchana kwa mguu wetu.

Pili, kila ardhi iliyotolewa kwa ajili ya msikiti au madrasa iandikwe. Umar (r.a.) alipopata ardhi Khaybar, iliyokuwa mali ya thamani kuliko zote alizowahi kupata, alimwendea Mtume (s.a.w.) kutaka ushauri, akaelekezwa aizuie asili yake na atoe mazao yake sadaka. Akaiweka wakfu kwa sharti kwamba haiuzwi, haitolewi zawadi wala hairithiwi, akawataja wanaostahiki. Hilo ndilo andiko la wakfu tunalolihitaji. Mipaka ipimwe kwa hatua na kamba, mashahidi watie saini, na mali isajiliwe kwa jina la wadhamini waliosajiliwa kupitia RITA, isiwe kwa jina la imamu wala la mwalimu. Imamu naye ana warithi.

Tatu, mauziano ya ardhi ya kijiji yapitie Halmashauri ya Kijiji, yasifanyike chini ya mwembe. Mwenye shamba aombe hati ya hakimiliki ya kimila, na jina la mke liandikwe ikiwa walilitafuta pamoja.

Nne, kabla ya kuuza, mzee aulize bei kwa watu watatu. Na ajiulize fedha itakwenda wapi. Ibn Majah amepokea hadithi, ambayo baadhi ya wanavyuoni wameipa daraja ya hasan, kwamba mwenye kuuza nyumba au ardhi bila ya kuitia thamani yake katika mfano wake, habarikiwi ndani yake. Tumewaona waliouza ekari tatu wakanunua pikipiki. Pikipiki imeshakufa, na sasa wanalima vibarua katika ardhi iliyokuwa yao.

Ndugu zangu, sote tutaingia katika kiwanja kimoja kisicho na dalali. Urefu wake ni wa mwili wako, hakiuzwi mara mbili, na jirani yako wa pale hutamchagua. Kitakachokipanua au kukibana ni matendo uliyoyafanya katika viwanja vya huku. Siku hiyo mzee wetu atasimama na sadaka yake kamili kwa nia yake, na sisi tutaulizwa tuliifanyia nini.

Ewe Allah, tutakasie chumo letu, tupe moyo wa kurudisha kisicho chetu na subira juu ya kilicho chetu. Msamehe mzee wetu, mlipe jirani yetu kwa wema wake na muongoze kwenye haki, na wafanye watoto wanaosoma chini ya turubai lile kuwa nuru ya mji huu unapokua. Aamin.

Wa sallallahu ala Nabiyyina Muhammad, wa ala alihi wa sahbihi ajmain.